Ufundi wa Kutoachwa

Anayetazama mbio za baiskeli kutoka kando ya barabara humwona mshindi, na huwaona walioanguka. Yupo mwingine ambaye hatajwi: yule aliyekaa ndani ya kundi kwa saa tatu, hakuchomoka, hakupanda jukwaani, ila kundi lilipovuka mstari wa mwisho naye alikuwamo. Insha hii ni ya kumsifu yeye. Katika mbio za ridhaa, zile za Jumapili asubuhi kwenye barabara za Limuru na Kajiado, ambako mwalimu, fundi wa magari, karani wa benki na kijana anayesambaza maziwa hupangana kwenye mstari mmoja, huyo ndiye aliyeijua kazi.

Kazi huanza na upepo. Mtu akiendesha peke yake kwenye tambarare kwa kasi ya kilomita 40 kwa saa, karibu tisa ya kumi ya nguvu zake huishia kwenye kuipasua hewa. Na ukitaka kuongeza kasi maradufu, nguvu ya kuishinda hewa hiyo huongezeka mara nane. Ndiyo maana kijana mwenye pumzi nyingi anayechomoka mapema, akishangiliwa na watu wa sokoni, hukutwa kilomita chache mbele akihema mdomo wazi. Akikaa nyuma ya mwenzake, karibu kabisa, hupunguziwa kama theluthi ya kazi. Akizama katikati ya kundi kubwa, hupunguziwa zaidi. Kwa njia hiyo mtu wa miguu ya kawaida husafiri na watu waliomzidi nguvu, mradi ajue pa kukaa.

Kupajua kunataka akili. Chukua barabara ya kutoka Isinya kwenda Kajiado, kwenye uwanda usio na mti wa kuzuia chochote. Upepo ukivuma kutoka mashariki, mnapokwenda kusini unawapiga ubavu wa kushoto, kwa hiyo aliyejikinga ni yule aliye nyuma kidogo na kulia kwa mwenzake. Kundi linajipanga mshazari bila mtu kuamuru. Mnapogeuka kurudi, upepo uko kulia, na kinga imehamia kushoto, kwenye ukingo wa lami. Hapo nafasi inakwisha haraka. Wa pili anajikinga, wa tatu anajikinga, wa nne na wa tano wanabanana. Wa sita hana barabara tena, ana changarawe. Analazimika kunyooka nyuma ya wa tano na kuupokea upepo wote peke yake, na wanaomfuata vivyo hivyo. Baada ya dakika chache mnyororo huo unakatika. Anayeijua kazi alikwisha kusogea mbele kabla ya kufika kwenye kona, wakati kila mtu bado anapiga gumzo na kunywa maji.

Macho nayo yanafundishwa. Mgeni huyakodolea tairi lililo mbele yake, kwa sababu ndilo analoliogopa. Mzee mmoja wa klabu, aliyewalea wengi kwenye barabara ya Limuru, huwaambia vijana: “Tairi halikwambii kitu, mwanangu. Tazama kiuno.” Kiuno husema mapema. Mtu anapotaka kusimama kwenye pedali, nyonga huinuka kwanza, na baiskeli yake hurudi nyuma chini yake kwa kitambo kidogo. Kitambo hicho kidogo mara nyingi ndio umbali wote uliokuwa kati yenu. Masikio nayo yana zamu yao. Mwenzako akiacha kukanyaga, kitovu cha gurudumu lake la nyuma huanza kulia tik-tik-tik. Ukisikia mlio huo, acha kukanyaga nawe. Breki ziache kabisa ukiweza, kwani ukizibana, wote walio nyuma yako watazibana kwa nguvu zaidi. Ukitaka kupunguza mwendo, inua kifua kidogo, upepo utakupunguzia.

Kuna kosa moja lisilosamehewa hapa: kulipeleka gurudumu lako la mbele ubavuni mwa gurudumu la nyuma la mwenzako. Mkigusana, anayeanguka ni wewe, kwa sababu gurudumu la mbele ndilo linalokusimamisha. Yeye huenda akasikia mtikisiko tu na kuendelea. Na ukianguka wewe, wanaanguka walio nyuma yako. Kwa hiyo kila ishara ni deni: mkono unaoelekeza kwenye shimo, sauti inayopaza “Matuta!” au “Gari nyuma!” ikipokelewa mdomo kwa mdomo hadi mkiani. Nimewahi kuona vijana wenye nguvu za ajabu wakinyimwa nafasi kundini kwa sababu hawakuwa wakionyesha mashimo. Naona walionyimwa kwa haki.

Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Mikono ishuke chini ya usukani, viwiko vikunjike, mabega yalegee. Viwiko vilivyokunjika vina faida ya pili: jirani akikugusa, mguso unaishia kwenye kiwiko na haufiki kwenye usukani. Aliyekakamaa hutikisika mwili mzima, na hofu yake huenea kwa walio karibu naye.

Kona huwachosha walio nyuma kuliko mlima, jambo ambalo wageni hawaliamini mpaka miguu iwaambie. Wa kwanza huingia na kutoka bila kupunguza sana. Mkiani ni kama foleni ya magari kwenye taa: wa mbele ameshaondoka, wa ishirini bado amekanyaga breki. Akitoka kwenye kona lazima akimbie kwa nguvu zote kuziba pengo, na kona ikifuatwa na kona nyingine, mbio zake huwa za kukurupuka mwanzo hadi mwisho. Dawa ni kukaa katika theluthi ya mbele ya kundi.

Mlima una mambo yake. Mwendo ukipungua, upepo hupungua nguvu na uzito wa mwili huanza kuamua. Kwenye mpando wa kutoka Ruaka kupitia Banana kuelekea Limuru, iliyo zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi: hukuzuia kidogo kuliko hewa ya Mombasa, lakini mapafu nayo hupata kidogo. Asiye mpandaji mzuri huanza mlima akiwa mbele kabisa, amekwisha kubadilisha gia kabla cheni haijalemewa, kisha hupanda kwa mwendo wake mwenyewe akiwaacha wenzake wampite mmoja mmoja. Wakifika kileleni yeye yuko mkiani, lakini bado ni wa kundi. Ninaipenda hesabu hii kuliko ushindi mwingi niliouona.

Chakula nisikicheleweshe: ndizi huliwa kabla ya njaa, maji hunywewa kabla ya kiu.

Yote haya hufundishwa kwa kuendesha nyuma ya mtu anayejua. David Kinjah, aliyeiwakilisha Kenya katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, alifungua milango ya nyumba yake huko Kikuyu kwa vijana waliotaka kujifunza baiskeli. Mmoja wao alikuwa Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985, ambaye baadaye alishinda Tour de France mara nne: 2013, 2015, 2016 na 2017. Kabla ya hayo yote alikuwa kijana mwembamba akiwafukuza waliomzidi umri kwenye vilima vya Kikuyu.

Na kuachwa si aibu. Septemba 2025, mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalipofanyika Kigali, mara ya kwanza katika ardhi ya Afrika, wanaume zaidi ya 160 walianza mbio kuu ya kilomita 267.5. Waliomaliza walikuwa 30. Wengi wa hao wengine ni waendeshaji wanaolipwa, wenye makocha na madaktari, na vilima vya Kigali viliwaangusha kundini mmoja baada ya mwingine.

Mwisho huja zamu ya mbele, na hapo ndipo mwanafunzi hupimwa. Aliyejikinga muda wote ana wajibu wa kuwakinga wengine. Ajizuie asiongeze kasi kwa msisimko, maana ataivunja safu aliyokuja kuisaidia. Nusu dakika kwa mwendo ule ule inatosha. Kisha atoke kwa upande unakotoka upepo, apunguze kidogo, safu impite akiwa bado anawakinga. Kurudi mkiani ndiko kugumu. Miguu imechoka, na gurudumu la mwisho linapita kwa haraka. Lazima aanze kukanyaga kabla halijampita, la sivyo pengo la mita mbili linakuwa mita kumi, na wengi huachwa hapo hapo, wakiwa wametoka tu kufanya kazi ya wote. Kwa hiyo katika makundi yenye adabu, anayeshika mkia humpigia kelele anayerudi, “Mimi wa mwisho!”, na humwachia nafasi ya kuingia.