Nyekundu Mbili za Monet

Shuleni tulifundishwa kwamba rangi za msingi ni tatu, nyekundu, njano na bluu, na kwamba nyingine zote huzaliwa humo. Mwaka 1905 mchoraji Claude Monet alipoulizwa anatumia rangi gani, alimjibu kwa barua Paul Durand-Ruel, mfanyabiashara aliyeuza picha zake, akamtajia sita: nyeupe ya risasi, njano ya kadimi, nyekundu ya vamilioni, nyekundu nzito ya mmea wa madder, bluu ya kobalti na kijani cha zumaridi. Nyekundu ni mbili, na kijani kimenunuliwa kikiwa tayari. Kama tatu zingetosha, mtu aliyekwisha kuchora kwa zaidi ya miaka 40 angebeba nyongeza za nini?

Jibu limo katika chembe za rangi zenyewe. Rangi hufyonza sehemu ya mwanga na kurudisha iliyobaki; ukichanganya mbili, kinachofika jichoni ni kile tu ambacho zote zimekisaza. Vamilioni huelekea machungwa, nayo huimeza bluu karibu yote. Itie kobalti, ambayo nayo humeza wekundu, na zambarau haina pa kutokea: utapata hudhurungi iliyofifia, ile ambayo wanafunzi huiita tope na kulaumu brashi chafu. Madder huisaza bluu kidogo, kwa hiyo zambarau yake hung'aa. Njano nayo ni vivyo hivyo. Ya limau ikikutana na bluu inayoelekea kijani huzaa kijani kikali, lakini ikikutana na bluu inayoelekea zambarau kijani hicho hupooza. Jina lililoandikwa kwenye tyubu halikuambii rangi inaelekea wapi. Paka kidogo, changanya na nyeupe, utaona.

Wapo watakaomtaja Anders Zorn wa Sweden, aliyechora nyuso nyingi za watu kwa nyeupe, njano ya udongo, vamilioni na nyeusi, bila bluu hata tone. Ni kweli, lakini nyeusi yake ikitiwa nyeupe hutoa kijivu baridi, na kijivu hicho kikizungukwa na rangi za moto huonekana bluu. Mkemia Michel Eugène Chevreul alishaeleza jambo hili mwaka 1839: katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, Paris, nyeusi iliyolalamikiwa kuwa dhaifu haikuwa na kasoro, ila ilidhoofishwa na rangi zilizokaa kando yake. Mbinu ya Zorn inafaa ngozi ya mtu. Zambarau kali haiwezi kuitoa.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa wachapishaji, wanaotumia wino tatu kweli. Ila tazama ni zipi: njano, samawati inayoelekea kijani, na waridi kali inayoelekea zambarau. Nyekundu na bluu za shuleni hazimo, na bado wachapishaji huongeza nyeusi. Kwa hiyo mwanafunzi mwenye fedha ya tyubu moja zaidi asikimbilie kijani wala hudhurungi. Anunue nyekundu ya pili, ile inayoelekea zambarau.