Datsun 240Z ya Safari kwa Skeli ya 1/24: Vitu Visivyopungua

Datsun 240Z iliyotoka kiwandani Japani ilikuwa na urefu wa takribani mita 4.14 na upana wa mita 1.63. Kwa skeli ya 1/24, gari hilohilo huwa na urefu wa milimita 172 na upana wa milimita 68 hivi, likatosha kiganjani. Hesabu hiyo ni ya kugawanya tu, na kiwanda cha seti za plastiki huimaliza kabla sanduku halijafika dukani. Kinachomsubiri fundi wa modeli ni kigumu zaidi. Umbo hupungua kwa kugawanywa, lakini maada haipungui. Rangi ya kopo huwa na unene uleule, ipigwe kwenye gari la kweli au la plastiki. Chembe ya vumbi haibadiliki. Kioo cha plastiki hakiwezi kuwa chembamba kadiri hesabu inavyodai. Hatua nyingi za kuunda modeli ya gari la zamani, kuanzia msasa wa kwanza hadi tope la mwisho, ni mbinu za kuficha tofauti hiyo.

Gari linalofaa kulieleza jambo hili ni 240Z iliyoshinda mbio za magari za East African Safari za mwaka 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann na mwelekezi wake Hans Schüller, ambayo kampuni ya Hasegawa ya Japani imeitolea seti ya 1/24. Bodi yake ilikuwa nyekundu na boneti nyeusi isiyong'aa, ili mwanga wa jua usimrudie dereva machoni. Aina hiyo ya gari ilishinda tena mwaka 1973, safari hiyo ikiwa na Shekhar Mehta na Lofty Drews. Rangi mbili, moja inayong'aa na nyingine iliyofifia, pamoja na vumbi la barabara za murram, humpa fundi mitihani yote mikubwa katika gari moja.

Skeli yenyewe ina historia ya njia mbili. Ile ya 1/24 ni ya vipimo vya Kiingereza: nusu inchi kwa kila futi moja. Ile ya 1/25, ambayo ndiyo desturi ya seti nyingi za Marekani, ilitokana na vigari vya matangazo vilivyogawiwa na wauza magari. Kampuni ya AMT, iliyoanzishwa Michigan mwaka 1948, ilianza kwa kutengeneza vigari hivyo kwa aluminiamu, kisha ikahamia plastiki. Plastiki ya awali, asetati ya selulosi, ilikuwa na kasoro mbaya: miaka ilivyopita ilijipinda yenyewe, na hadi leo vigari vya wakati ule huonekana mgongo umebonyea au umeinuka. Polistairini ndiyo iliyotuliza mambo. Mwaka 1958 AMT ilianza kuuza magari hayo yakiwa vipande, mnunuzi akichagua kuliunda gari kama lilivyotoka kiwandani, au lililorembwa, au la mashindano.

Wajapani walianza kwingine. Seti zao nyingi za zamani zilikuwa na mota ndogo ya umeme na betri chini ya sakafu, na mahali pa injini palijaa vitu hivyo. Mota iliondoka, lakini tabia ikabaki: mpaka sasa seti nyingi za Japani hazina injini, na boneti yake haifunguki. Mpenzi wa injini ya 240Z, yaani L24 ya silinda sita, hupata hasara hapo. Mpenzi wa bodi hupata faida, kwa sababu boneti isiyofunguka haina mwanya uliopitiliza.

Vipande hutengenezwa kwa kuyeyusha polistairini na kuisukuma kwa shinikizo kubwa ndani ya kalibu ya chuma. Kalibu ina pande zinazokutana, na zinapokutana huacha mshono. Kwenye bodi ya gari mshono huo mara nyingi hupita juu ya madigadi na kwenye nguzo za paa, mahali ambapo mwanga hupaangaza kwanza. Mshono usiposuguliwa hauonekani vizuri kwenye plastiki tupu. Huonekana rangi inapong'aa, wakati ambapo ni kuchelewa. Kwa hiyo kazi huanza kwa kuukwangua kwa kisu, kisha msasa wa namba 400, kisha 600 na 1000 wa maji. Mabonde yaliyoachwa na plastiki iliyonywea ilipopoa hujazwa puti. Baada ya hapo bodi huoshwa kwa sabuni na maji ya vuguvugu, kwa kuwa mafuta yanayosaidia vipande kutoka kwenye kalibu hubaki juu ya plastiki na kuifanya rangi ijikunyate.

Kabla ya rangi kuna kazi ambayo wanaoanza huiruka: kuchimba upya mistari ya milango. Mwanya wa mlango wa gari la kweli ni kama milimita 5, yaani milimita 0.2 kwa 1/24. Rangi yenye unene wa milimita 0.05 ikishika kila upande wa mwanya huo, nusu yake imeshazibwa, na mlango huonekana kama umechorwa. Fundi hupitisha mgongo wa kisu au sindano maalumu mara kadhaa mpaka mstari uwe na kina zaidi ya unavyostahili. Rangi ikishaingia, kina hicho hurudi kuwa cha kawaida.

Rangi ndiyo kiini cha kazi yote. Rangi ya gari la kiwandani, tabaka zote pamoja, huwa karibu milimita 0.1. Ikigawanywa kwa 24 hupatikana mikroni 4, unene ambao hakuna bunduki ya rangi inayoufikia na bado rangi ikafunika. Ukilinganisha kinyume, tabaka la milimita 0.1 kwenye modeli ni sawa na gari la kweli lililopakwa rangi ya unene wa milimita 2.4. Ndiyo maana modeli iliyopigwa rangi nyingi huonekana kama peremende hata kama rangi yenyewe ni safi: kona zimeviringika, nembo zimezama, fremu za madirisha zimepoteza ukali. Dawa ni tabaka nyingi nyembamba zenye thina ya kutosha, zikipigwa kwa shinikizo dogo, bar 1 hadi 1.5, na kusimama pale tu rangi inapofunika.

Nyekundu huongeza ugumu kwa sababu ni rangi dhaifu katika kufunika. Juu ya praima ya kijivu huhitaji tabaka nyingi, nazo ndizo zinazokatazwa. Mafundi wengi huweka chini praima nyeupe au ya waridi. Nyeupe huitoa nyekundu ikiwa kali, ikielekea machungwa, na waridi huipa uzito. Kwa gari la miaka ya 1970 waridi ndiyo yenye busara, maana wekundu mkali kupita kiasi huligeuza gari la mashindano kuwa kichezeo. Kuna pia hatari ya plastiki iliyotiwa rangi nyekundu kiwandani: rangi yake hupenya praima na kuichafua nyeupe ya juu, hata baada ya wiki kadhaa.

Aina za rangi nazo zina adabu zake. Rangi ya laka hukauka upesi na kung'ata plastiki. Rangi ya enameli hukauka polepole na inaweza kupakwa juu ya laka bila madhara. Kinyume chake ni balaa: laka juu ya enameli huikunja kama ganda la chungwa lililokauka, na hakuna njia ya kuokoa ila kuvua rangi yote.

Nyekundu ikishakauka kabisa, na kipimo cha zamani ni kuinusa mpaka harufu ya thina iishe, boneti huzungushiwa utepe mwembamba wa karatasi na kupigwa nyeusi. Ukingo wa utepe hupigwa kwanza kwa mvuke mdogo wa rangi ileile nyekundu au vanishi, ili kuziba upenyo wowote chini yake. Kitakachopenya ni kile kisichoonekana. Nyeusi haipaswi kuwa nyeusi tii. Kitu kidogo hurudisha mwanga kidogo machoni na huonekana kiza kuliko kikubwa chenye rangi hiyohiyo, kwa hiyo tone la kijivu ndani ya nyeusi huifanya boneti isionekane kama shimo. Nyekundu iliyobaki husuguliwa kwa msasa laini wa 2000 na kupolishiwa, bila kugusa kona, kwa sababu hapo ndipo rangi ilipo nyembamba kuliko kote.

Namba na maandishi huja kama dekali za maji. Utando wake hulainishwa kwa dawa mpaka uingie ndani ya mistari ya mlango. Usipolainishwa, namba huning'inia juu ya mwanya na kufichua siri.

Kromu ya seti ni aluminiamu iliyovukizwa ndani ya chumba kisicho na hewa, juu ya tabaka la laka. Hung'aa kupita kromu yoyote ya barabarani, na gundi haishiki juu yake. Fundi huikwangua mahali pa kuunganisha, au huivua yote kwa dawa ya kufulia yenye klorini na kupaka upya rangi ya metali juu ya nyeusi inayong'aa. Kwa fremu nyembamba za madirisha, karatasi ya metali yenye gundi, ikikatwa kwa ncha mpya ya kisu, hushinda rangi, kwani ndiyo nyembamba kuliko vyote vinavyopatikana mezani.

Gundi ya modeli huyeyusha. Ile nyepesi, yenye asetoni na asetati ya butili, hulainisha nyuso mbili za plastiki zikawa kitu kimoja. Haifanyi kazi juu ya rangi wala kromu. Kwenye vioo haitumiwi hata kidogo, na supagluu ni mbaya zaidi kwa sababu mvuke wake huacha ukungu mweupe usiofutika kwa urahisi. Vioo hushikwa kwa gundi nyeupe ya maji. Unene wake hauna tiba kamili: plastiki ya milimita 1 ni sawa na kioo cha milimita 24. Kupaka nyeusi kwenye kingo zake huzuia mwanga kupita pembeni na kutangaza unene huo.

Matairi huleta taabu inayochelewa. Vinili yake hulainishwa kwa kemikali ambayo haitulii. Taratibu huhamia kwenye polistairini iliyo jirani na kuiyeyusha. Seti za zamani zimewahi kufunguliwa na kukutwa alama za kashata za tairi zimechongeka kwenye kioo cha mbele. Tairi huwekwa katika mfuko wake tangu siku sanduku linapofunguliwa, na rimu hupakwa rangi au kuzungushiwa karatasi ya metali kabla ya kuvalishwa.

Hatua ya mwisho ni vumbi, na hapo skeli hudai haki yake kwa ukali. Chembe ya milimita 0.1 ni kokoto ya milimita 2.4 kwa gari la 1/24, kwa hiyo hata udongo halisi uliochotwa kwenye njia ya mbio huonekana wa uongo usiposagwa mpaka uwe unga. Chaki laini za kuchorea, zikisagwa, hufaa zaidi. Murram nyekundu juu ya bodi nyekundu hupotea au huifanya rangi ionekane imechakaa. Fundi huipeleka kwenye kahawia hafifu mpaka jicho litenganishe vitu viwili. Tope hurushwa nyuma ya magurudumu na chini ya milango. Vumbi jepesi hujaa mgongoni mwa gari, kwa kuwa hewa inayoachwa nyuma hulivuta juu ya kioo na taa. Kwenye kioo cha mbele huachwa upinde safi wa waipa. Vanishi isiyong'aa ikipulizwa juu ya unga huo huufanya ufifie na kuiva rangi, kwa hiyo hushikizwa kwa matone ya thina ya enameli tu, kisha gari halishikwi bodini tena. Huinuliwa kwa chesisi.