Barua Mikononi mwa Zakaria: Kiwewe na Uchaguzi wa Tiba katika Rosa Mistika

Rosa amehukumiwa mara nyingi kuliko alivyosikilizwa. Riwaya ya Rosa Mistika (1971) ya Euphrase Kezilahabi ilipopigwa marufuku shuleni, kilichotajwa ni maadili. Leo mhakiki anaweza kushawishika kuiondoa hukumu hiyo na kuweka utambuzi wa kitabibu mahali pake: mapenzi ya pupa, kujidhuru, hatimaye kujiua. Dalili hizo zinakaribiana na tatizo la haiba liitwalo la mpakani, lililoingizwa katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980, miaka 9 baada ya riwaya kutoka.

Mtafiti hakubaliani na njia hiyo. Jina la ugonjwa linauhamisha mzigo kutoka mkono wa Zakaria hadi haiba ya Rosa, ilhali msuko unatanguliza kipigo: binti anapigwa na babake kwa sababu ya barua ya Charles, muda mrefu kabla ya wanaume wa Morogoro. Judith Herman alikwisha kusema mwaka 1992 kwamba wanawake wengi wanaopewa jina hilo wamebeba kiwewe cha mateso ya muda mrefu. Hoja yake ina nguvu, ila nayo haitoshi, kwa kuwa haijibu Rosa mwenyewe angekubali msaada gani.

Hapa tofauti za tiba zina uzito. Tiba ya Marsha Linehan huanza kwa kumfunza mtu kuhimili hisia zake na kubaki hai. Tiba nyingine humtaka asimulie tukio lililomuumiza mapema zaidi. Kwa Rosa, maneno ya siri yalipofika mikononi mwa mtu mzima yaligeuka fimbo. Mnasihi anayedai simulizi siku ya kwanza angefanana mno na Zakaria mwenye barua.

Msomaji wa Majengo, Dodoma, hahitaji nadharia kulielewa hili. Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe imo katika jiji hilohilo, lakini jina lake limekuwa kejeli nchini kote (kwa Waganda neno hilo ni amani!). Mwanamke anayeambiwa aende Mirembe hutukanwa kabla ya kutibiwa. Akikataa, huenda anachokataa ni jina tu, si tiba.

Kwa hiyo sura hii haimpi Rosa jina la ugonjwa. Inafuatilia, tukio kwa tukio, ni nani anayeyapata maneno yake, na anayafanyia nini.