Sifa za Mafundi wa Dhahabu Nyekundu

Sonara huitambua dhahabu kwa umanjano wake, na kwa sisi tuliozoea kuiona masikioni na shingoni mwa mabibi harusi ni taabu kusadiki ya kuwa madini yayo hayo, yakipunguzwa hata punje moja isizidi nanometa 20 kwa upana, huuacha umanjano na kuvaa wekundu wa damu ya mzee. Michael Faraday aliibainisha ajabu hiyo mbele ya wanazuoni wa London mwaka 1857, na baadhi ya chupa zake zimehifadhiwa hata leo katika Royal Institution. Lakini sifa zangu nazielekeza kwa mafundi wa zama zetu, ambao huitengeneza dhahabu hiyo, kisha wakasimama kuwa mashahidi juu ya kazi ya mikono yao wenyewe.

Kazi huanza kwa usafi, tena usafi upitao kiasi: vyombo vya kioo huoshwa kwa mchanganyiko wa asidi ya nitriki na asidi hidrokloriki, ule ule uyeyushao dhahabu, kwani taka kidogo iliyosalia ubavuni mwa chupa yatosha kuharibu yote. Chumvi ya dhahabu, yenye manjano hafifu, huchemshwa katika maji safi huku ikikorogwa bila kukoma. Kisha hutiwa asidi amino kama triptofani, ambayo huzipa ioni za dhahabu elektroni zilizopungukiwa nazo, halafu huzivika punje zinapozaliwa ili zisigandamane. Rangi hubadilika mbele ya macho, na fundi mwenye nadhari huisoma kabla ya kuiendea mashine ya kupimia mwanga: ikielekea samawati, punje zimekwisha kushikana. Kwa ajili hiyo, kwa kuwa punje hizi zitapimwa baadaye juu ya seli hai, huzijaribu pia ndani ya kimiminiko cha kulishia seli, maadamu kina chumvi, nayo chumvi ni hasimu mkubwa wa punje hizi.

Halafu hufuata hukumu: je, punje hizi hudhuru seli? Seli za binadamu, zilizokuzwa katika joto la digrii 37, hugawiwa katika sahani ya vishimo 96, zikapewa dhahabu kwa vipimo vinavyopanda, kisha zikatiwa rangi ya manjano ambayo seli hai huigeuza zambarau, kwa njia aliyoieleza Tim Mosmann mwaka 1983. Hapa ndipo ninapoustahi ustadi huu zaidi: wekundu wa dhahabu hunywa mwanga wa karibu nanometa 520, na zambarau hupimwa karibu na 570, hata dhahabu iliyosalia kishimoni yaweza kushuhudia uongo kwamba seli zilizokufa zingali hai. Fundi mwadilifu hutenga vishimo visivyo na seli, vyenye dhahabu na rangi tu, aujue uongo huo na kuuondoa katika hesabu. Na vingine huvitilia asidi amino peke yake, kwani vazi laweza kudhuru ilhali dhahabu haina hatia. Asidi amino iitwayo laisini, kwa mfano, ina chaji chanya, na utando wa seli una chaji hasi, basi punje zilizovikwa laisini huweza kuvutwa na kuingia kwa wingi, jambo analolitamani mwenye kutaka kupeleka dawa ndani ya seli, na analolihofu mwenye kuzilinda. Wawili hao aghalabu ni mtu mmoja, naye hana budi kukiandika daftarini kipimo ambacho kwacho seli zilianza kufa.