Kiti mwendo anachokiweza fundi baiskeli

Mvua ikikolea Bariadi, mkoani Simiyu, tope jeusi la mbugani hung'ang'ania hata tairi la trekta. Kiti mwendo cha hospitali, chenye vigurudumu vidogo vya mbele vilivyobuniwa kwa ajili ya sakafu, hapo hakifiki popote.

Kwa hiyo heko kwa Amos Winter. Mwaka 2005, akiwa bado mwanafunzi wa uhandisi katika chuo cha MIT, Marekani, alikuja Tanzania kuchunguza viti mwendo vinavyotumika nchini. Kilichozaliwa baadaye ni kiti cha magurudumu matatu kinachoendeshwa kwa nyenzo mbili. Kwenye mwinuko au matope unashika wenzo juu, nguvu inaongezeka. Kwenye tambarare unashusha mikono, mwendo unaongezeka. Gia ni mikono yako mwenyewe! Ukifika nyumbani unachomoa nyenzo na kusukuma magurudumu kama kawaida.

Ninachokipenda zaidi ni vipuri: cheni na vinginevyo ni vya baiskeli. Kwa mkoa kama Simiyu hilo si jambo dogo, maana Wasukuma wamebebea kwenye baiskeli maji, mkaa na hata wagonjwa, na fundi wa kuziba pancha chini ya mti hatafutwi mbali.

Kiti cha kwanza hakikuwa kamili. Kilipojaribiwa Afrika Mashariki mwaka 2009, watumiaji walisema wazi kuwa ni kizito, tena kipana mno kwa matumizi ya ndani. Wabunifu hawakubisha. Walikichora upya, wakakipunguza.