Ukuta wa Nani? Ndoa na Ishara katika Wakati Ukuta

Tamthilia ya Ebrahim Hussein, Wakati Ukuta, iliyotoka mwaka 1970 katika Michezo ya Kuigiza, imezoeleka kufasiriwa kama mgongano wa vizazi: Asha anamkataza bintiye Tatu kwenda sinema, naye Tatu anaolewa na Swai kinyume cha matakwa ya mama. Ndoa haidumu. Fasiri hiyo haikosei, ila inaupita ukuta wenyewe bila kuutazama.

Methali iliyozaa anwani humwonya anayeshindana na wakati. Lakini ni nani huyo? Mama anayeyazuia mabadiliko huumia. Binti anayeyakimbilia kabla hajapata pa kusimama huumia zaidi. Ndiyo maana sinema ni ishara nzito kuliko inavyodhaniwa: huonyesha mapenzi yasiyo na kodi ya nyumba wala wakwe.

Msomaji wa Majengo, mjini Goma, huenda akauona ukuta mahali pengine. Kwa Tatu, ndoa ya serikali ni mlango wa kuwakwepa wazazi. Nchini Kongo, Sheria ya Familia ya 1987, hata baada ya kurekebishwa mwaka 2016, inadai mahari yaafikiwe na wazazi wa mke na angalau sehemu yake itolewe. Ofisi humrudisha kijana kwa wazazi wale wale. Asiye na kitu huishi na mwenzake bila ndoa. Hapo Swai angeshindana na bei kabla ya kushindana na wakati, na Asha, ambaye wahakiki humwona kuwa wa jana, angekuwa na sheria upande wake.