Muuguzi na Mgonjwa katika Wit: Mazungumzo kama Tiba

Tamthilia ya Margaret Edson, Wit, iliyoigizwa kwa mara ya kwanza California mwaka 1995 na kutunukiwa tuzo ya Pulitzer mwaka 1999, aghalabu husomwa kama mgogoro baina ya akili na huruma. Vivian Bearing, profesa aliyebobea katika ushairi wa John Donne, anaugua saratani ya ovari; madaktari wanamwona kama kifaa cha utafiti, naye muuguzi Susie Monahan anamhurumia. Usomaji huu una ukweli, lakini unampunja Susie. Huruma yake hupitia katika mazungumzo, na ni mazungumzo hayo yanayoipa tiba maana machoni pa mgonjwa.

Tiba yenyewe ni ya mazoea: awamu nane za kemotherapia, kutapika, kupimwa, na swali lile lile la kumjulia hali ambalo kila aingiaye hulitupa bila kungoja jibu. Msomaji Mswahili hatashangaa. Naye hujibu "sijambo" akiwa hoi kitandani. Lakini "sijambo" ya Kiswahili hufuatwa na "ila", na baada ya "ila" ndipo ugonjwa husimuliwa. Madaktari wa Edson hawaingoji "ila" hiyo. Susie huingoja.

Hili linadhihirika zaidi katika onyesho la usiku, wawili hao wanapogawana barafu ya kijiti. Ni wakati huo ambapo Vivian anathibitishiwa kwamba dawa hazimponyi, na hapo hapo anaulizwa: moyo ukisimama, ahuishwe au aachwe? Anachagua kuachwa. Wahakiki wanaoliona onyesho hili kuwa la faraja tu wanasahau kwamba uamuzi mzito kuliko yote ya kitabibu katika tamthilia umefanyika hapa, kwa lugha ya kawaida, barafu mkononi. Baadaye daktari Jason Posner anapoita kikosi cha kuhuisha, Susie anasimama dhidi yao akiwa na silaha moja: kauli aliyoitoa mgonjwa usiku ule.

Hata hivyo, Edson hamtendei haki muuguzi wake kila mara. Vivian anapotumia neno la kisomi lenye asili ya Kilatini kuelezea dawa inayoleta usingizi, Susie halijui, na kwa kutolijua anakariri maana yake bila kukusudia. Wote wanacheka, na pengine hapo ndipo Vivian anapofundisha bila kumdhalilisha mtu. Lakini kicheko hicho kinadokeza kwamba mwenye moyo sharti apungukiwe na msamiati, jambo lisiloaminika kwa muuguzi wa wodi ya saratani. Mtu akiitafsiri tamthilia hii kwa Kiswahili, onyesho hili litamsumbua: "dawa ya usingizi" huielewa profesa, huielewa muuguzi, huielewa na mfagiaji wa wodi, na mzaha unakosa pa kusimama.